Kisumu hadi London: kilomita hazibadiliki, saa ndizo zinazoteleza

Andika "Kisumu – London" kwenye kikokotoo chochote cha mtandaoni na jibu litakuja kabla hujapepesa jicho: kilomita 6,600 na ushei, saa saba na dakika ishirini angani. Hesabu yenyewe haina kosa. Taabu ni kwamba hakuna ndege ya ratiba inayopita njia hiyo moja kwa moja, na anayefunga mlango wa nyumba yake Kondele, mtaa wa Kisumu, hadi agonge mlango wa mwenyeji wake London huwa ametumia saa kumi na saba, kumi na nane, hata zaidi. Hizo saa kumi za ziada kila moja ina mahali ilipokwenda, na nyingi unaweza kuzikadiria kabla hujalipia tiketi.

Tuanze na umbali, kwa kuwa huo ndio rahisi, na kwa mtu wa Kisumu ni rahisi zaidi ya kawaida.

Umbali mrefu juu ya dunia hupimwa kwa pembe. Chukulia umesimama katikati kabisa ya dunia, huko ndani, ukanyoosha mkono mmoja kuelekea Kisumu na mwingine kuelekea London. Pembe iliyo kati ya mikono yako ndiyo umbali, na kila digrii moja ya pembe hiyo ni kilomita 111.2 huku juu. Kuipata pembe kunahitaji latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Kanuni kamili ni hii: zidisha saini (kitufe cha sin kwenye kikokotoo) ya latitudo ya kwanza kwa saini ya latitudo ya pili, weka kando. Kisha zidisha kosaini (kitufe cha cos) ya latitudo ya kwanza, kosaini ya latitudo ya pili na kosaini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha majibu mawili, na jumla hiyo ni kosaini ya pembe unayoitafuta.

Sasa nafuu yetu. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko latitudo 0.09 kusini na longitudo 34.73 mashariki. Ikweta yenyewe inakata barabara ya Busia pale Maseno, safari fupi ya matatu kutoka mjini. Kwa kuwa tuko karibu na sifuri kiasi hicho, saini ya latitudo yetu ni sifuri kasoro na kosaini yake ni moja kasoro. Nusu ya kwanza ya kanuni inajifuta, na kinachobaki ni kuzidisha namba mbili tu: kosaini ya latitudo ya mji unaokwenda, na kosaini ya tofauti ya longitudo.

Heathrow, uwanja wa ndege wa London, iko latitudo 51.47 kaskazini na longitudo 0.45 magharibi. Kosaini ya 51.47 ni 0.623. Tofauti ya longitudo ni 34.73 jumlisha 0.45, yaani 35.18, na kosaini yake ni 0.817. Zidisha: 0.509. Bonyeza kosaini ya kinyume (cos⁻¹) na utapata digrii 59.4. Mara 111.2, kilomita 6,605. Kanuni kamili inatoa kama 6,614, kwa hiyo njia ya mkato imetudhulumu kilomita tisa, ambazo ni kama kutoka mjini hadi Mamboleo na kurudi.

Wanaokosea hesabu hii hukosea sehemu zilezile. Ya kwanza ni kikokotoo cha simu kilichowekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii. Jibu likikuambia London iko kilomita mia mbili, angalia hapo kwanza. Ya pili ni magharibi na mashariki. Miji miwili ikiwa pande tofauti za mstari wa Greenwich, longitudo hujumlishwa. Ikiwa upande mmoja, hutolewa. Ya tatu ndiyo inayowanasa hata walimu: ramani nyingi huandika longitudo ya Kisumu kuwa digrii 34 na dakika 44, na mtu anaandika 34.44. Dakika ni sehemu ya sitini, si ya mia. Gawanya 44 kwa 60 upate 0.73. Ukiandika 34.44 umeubeba uwanja wa ndege ukautupa kilomita 32 magharibi, huko pande za Asembo.

Kuna na suala la maili. Umbali kati ya Nairobi na Heathrow ni kilomita 6,841. Ukurasa mmoja utakuandikia 4,251, mwingine 3,694, na yote mawili ni sahihi: ya kwanza ni maili za kawaida za kilomita 1.609, ya pili ni maili za baharini za kilomita 1.852, ambazo ndizo marubani hutumia. Ukichukua 3,694 ya marubani ukaigeuza kwa 1.609 ya barabarani, umepoteza karibu kilomita 900 hapo hapo mezani.

Linalofuata huwashangaza wengi. Kisumu iko karibu na London kuliko Nairobi ilivyo, kwa kilomita kama 230. Uganda ndiyo iliyo upande wa kwenda, si Nairobi. Lakini abiria wa Kisumu anapelekwa kwanza kilomita 280 kusini-mashariki hadi Jomo Kenyatta, uwanja mkuu wa Nairobi, kisha ndege inamgeuza na kumrudisha kaskazini-magharibi. Jumla yake ni kilomita 7,120, yaani ziada ya kilomita 500 juu ya ule mstari wa kikokotoo. Chukua uzi, ubane ncha moja Nairobi na nyingine London juu ya tufe la darasani, uuvute ukaze. Utaona umepita karibu na Nyahururu, ukaenda zako hadi pande za Lokichoggio, ukaingia Sudan Kusini, Sudan, Libya, ukavuka Mediterania, ukaambaa upande wa magharibi wa Italia, ukapanda Alpi na kuingia Ufaransa. Nyahururu iko longitudo 36.4. Kisumu imeachwa kushoto, kilomita 170 hivi.

Mbona basi ndege kubwa isiondokee Kisumu? Umbali si kikwazo, na njia ya kurukia ndege ya Kisumu ina zaidi ya kilomita tatu. Kikwazo ni viti. Boeing 787-8 ya Kenya Airways hubeba abiria 234, na kuijaza kila safari, kwenda na kurudi, kutoka mji mmoja usio makao makuu ya shirika ni biashara ngumu. Ndiyo maana dunia nzima abiria wa miji ya pili huzungushwa kwenye mji wa kwanza. Mtu wa Nakuru naye hana hata ile safari fupi ya ndege. Yeye hushuka kwa barabara kupitia Naivasha, na hesabu yake inaanzia kwenye foleni ya malori.

Tuje kwenye saa. Kikokotoo hugawanya kilomita kwa kasi moja, kwa kawaida 900 kwa saa au karibu na hapo. Kwa Nairobi hadi London, 6,841 gawanya kwa 900 ni saa 7 na dakika 36. Tiketi inasema saa nane na nusu au tisa. Kampuni za ndege huhesabu tangu magurudumu yanaposogea getini hadi yanaposimama kwenye geti la upande wa pili, na ndani ya muda huo mna mambo ambayo kikokotoo hakiyaoni. Mna kujikokota ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Mna kupaa, ambapo ndege huchukua kama dakika ishirini na zaidi kabla ya kufikia kimo na kasi yake. Mna kushuka, na pale Heathrow, uwanja unaotumia njia mbili tu kwa ndege za dunia nzima, mara nyingi mna kuzungushwa angani kusubiri zamu. Na mna dakika kadhaa za akiba ambazo kampuni huongeza makusudi ili isihesabiwe kuchelewa.

Safari fupi ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 280. Ndege ya Dash 8-400, ile ya mapangaboi mawili, ina uwezo wa kufika kilomita 660 kwa saa ikishatulia angani. Kwa kugawanya tu ungepata dakika 25 na sekunde kadhaa. Lakini ratiba hukupa dakika 50, hata saa nzima. Ndege hiyo hupanda ikivuka Kericho na msitu wa Mau, na haijakaa sana kwenye kimo chake kabla rubani hajaanza kushuka. Sehemu ya kasi kamili ni fupi mno. Kadiri safari ilivyo fupi, ndivyo kugawanya kilomita kwa kasi kunavyodanganya. Kwa makadirio ya nyumbani, gawanya umbali kwa kasi kisha ongeza nusu saa. Kwa safari ndefu inayotua kwenye uwanja wenye msongamano, ongeza dakika arobaini na tano.

Hata hivyo, 7:36 jumlisha dakika 45 ni saa nane na dakika ishirini na moja, na bado tiketi inasema zaidi. Kilichobaki ni siasa na upepo.

Ule uzi wa tufe ulipita Sudan na Libya. Tangu vita vilipolipuka Sudan mwezi Aprili 2023, mashirika ya ndege yamekuwa yakiikwepa anga yake, na Libya ilikuwa ikikwepwa hata kabla ya hapo. Ndege ya kwenda Ulaya inaweza kupita Ethiopia, ikafuata Bahari ya Shamu, kisha ikakata Misri. Ukipima kwa kanuni yetu, kutoka Nairobi hadi katikati ya Bahari ya Shamu kwenye latitudo 20 ni kilomita kama 2,380, na kutoka hapo hadi Heathrow ni 4,860. Jumla ni 7,240. Kuzunguka vita kumekugharimu kilomita 400, dakika 27 hivi kwa kasi ya 900, na tani kadhaa za mafuta ambazo, ndiyo, zimo ndani ya nauli yako.

Upepo nao una tabia ambayo wengi hawaifikirii. Wanamaji wa pwani huuita upepo unaokujia usoni upepo wa omo, kwa sababu omo ndiyo mbele ya chombo. Ule mwingine huja kutoka tezi, nyuma, na kukusukuma. Mtu atasema: ukinichelewesha kwenda, utaniwahisha kurudi, ngoma droo. Si droo. Chukua safari ya kilomita 9,000 kwa kasi ya 900. Bila upepo ni saa kumi kwenda na kumi kurudi, ishirini kwa jumla. Weka upepo wa kilomita 100 kwa saa. Kwenda, ukiwa omo, unabaki na 800: saa 11 na robo. Kurudi, ukisukumwa, una 1,000: saa 9. Jumla ni ishirini na robo. Hiyo robo imepotea kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokuzuia kuliko ndani ya ule unaokusaidia.

Upepo mkubwa wa kimo cha ndege, kati ya kilomita 9 na 12, uko kwenye latitudo za Ulaya na Marekani Kaskazini, na huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa nguvu zaidi majira ya baridi. Safari ya London inakwenda zaidi kaskazini kuliko magharibi, hivyo upepo huipiga ubavuni na tofauti ya kwenda na kurudi ni dakika tu. New York ni habari nyingine. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba iliandikwa saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa kilomita zilezile 11,840. Njia hiyo fupi zaidi, kwa njia, haiondoki Nairobi kuelekea magharibi kama ramani ya ukutani inavyokushawishi. Inaanza kaskazini-magharibi, inapita Chadi, Niger na Algeria, inatokea Moroko, inapanda baharini hadi latitudo 42, juu kuliko New York yenyewe, kisha inashuka.

Jambo la mwisho kabla hatujashuka kwenye ndege: kimo cha uwanja. Jomo Kenyatta iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret zaidi ya 2,100. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa hushika kidogo na injini husukuma kidogo, na jua la mchana huipunguza uzito hewa hiyo zaidi. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 hupendelea baridi ya usiku, maana wakati huo inaweza kubeba uzito ambao saa nane mchana ingelazimika kuuacha.

Na usiku huo ndio huleta balaa ya tiketi. Tiketi huandika saa kwa mtindo wa saa 24, na kwa saa za mahali husika. Iliyoandikwa 00:15 tarehe 14 ni saa sita na robo ya usiku wa kuamkia tarehe 14. Unapaswa kuwa uwanjani jioni ya tarehe 13. Kila mara hupatikana mtu aliyejipanga vizuri, akaaga wazee, akaja uwanjani tarehe 14 saa tatu usiku na kukuta ndege yake ilishafika ilikokwenda. Kama unasoma saa kwa Kiswahili kichwani, ondoa sita kwenye namba ya tiketi: 09:00 ni saa tatu asubuhi, 15:30 ni saa tisa na nusu alasiri. Kuanzia 19:00 ondoa kumi na nane. Ikiwa namba ni ndogo kuliko saba, ongeza sita badala ya kuondoa: 04:30 ni saa kumi na nusu alfajiri.

Kisha tofauti ya majira. Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich mwaka mzima. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tunaitangulia kwa saa mbili wakati wao wa joto na tatu wakati wa baridi. Tuseme tiketi ya mwezi Juni inasema unaondoka Nairobi 09:00 na kufika London 15:30. Macho yanaona saa sita na nusu. Ongeza mbili, ni saa nane na nusu. Kurudi, kuondoka 18:00 na kufika 04:30 kunaonekana kama saa kumi na nusu, toa mbili. Ukihesabu muda wa kumeza dawa, au wa kumpa mtoto maziwa, tumia saa ya mkononi isiyobadilishwa hadi utakapotua.

Sasa rudi Kondele ujenge siku nzima. Uwanjani Kisumu fika saa moja na nusu kabla. Uko barabara ya Busia na si mbali, ila anayetoka Kakamega ahesabu saa nyingine na nusu. Alasiri si wakati mzuri wa kuondokea: mawingu ya radi ya upande huu wa ziwa hukua baada ya mchana, na ndege husubiri yapite. Ya asubuhi ni salama zaidi, ingawa ukungu wa Nairobi nao una siku zake. Kisha saa moja ya ndege. Kisha pengo la kuunganisha, na hapa ndipo pesa hupotea.

Ikiwa safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja, mzigo wako hupewa kibandiko cha London tangu Kisumu, na ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ndiyo hutafuta namna ya kukufikisha. Soma kibandiko kabla hakijaondoka kwenye mizani: kiandikwe LHR (Heathrow), si NBO (Jomo Kenyatta). Ikiwa ulinunua tiketi mbili kwa bei nafuu sehemu mbili, unashuka Nairobi, unasubiri mzigo, unatoka nje, unahamia jengo jingine, unapanga foleni upya, na kaunta nyingi za safari za nje hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka. Ukichelewa, huna unachoidai kampuni ya pili. Kwa tiketi moja, saa mbili na nusu zinatosha. Kwa tiketi mbili, weka tano, na ukiona ni nyingi mno kumbuka kwamba nauli ya siku ya safari huwa mara kadhaa ya ile uliyookoa.

Angalia pia unakotua. Baadhi ya ndege za Kisumu hutua Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, si Jomo Kenyatta, na kwenye tiketi tofauti ni herufi tatu tu: WIL badala ya NBO. Kati ya viwanja hivyo viwili kuna jiji, na jioni ya Ijumaa yenye mvua safari hiyo ya teksi inaweza kuwa ndefu kuliko ile ya kutoka Kisumu.

Heathrow, uhamiaji na mizigo vipe saa moja na nusu, na treni au basi la kuingia mjini saa moja. Jumlisha, ukiliwekea pengo la kuunganisha saa tatu: moja na nusu, moja, tatu, tisa, moja na nusu, moja. Kumi na saba, na hujala.

Kurudi kuna mtego wake. Ndege za Ulaya zinazotua Nairobi usiku hukuta ya mwisho ya Kisumu imeshaondoka au iko karibu kuondoka. Kuna basi la usiku, kilomita kama 350 za lami, linalokushusha Kisumu alfajiri shingo ikiwa imeganda. Kuna chumba cha kulala karibu na uwanja na ndege ya asubuhi. Anayechagua safari ya London inayoondoka usiku anatua Nairobi asubuhi au mchana, na anapata ndege ya Kisumu siku hiyohiyo.